Daftari la Wiki: Simu ya Mwenyewe

Kijiwe kimoja cha bodaboda Bariadi kilikuwa na kesi wiki hii. Abiria kashuka, simu janja imebaki kwenye siti. Dereva anataka kuirudisha, lakini ina patani na chaji inakaribia kuisha. Wenzake hawakukosa ushauri: itoe laini, mpe fundi aiflashi, izime kwanza. Mzee aliyekuwa akisubiri usafiri akasema ipelekwe kibandani ikachajiwe. Mzee alikuwa sahihi. Simu iliyofungwa haisemi ni ya nani, ila inaweza kuita, na aliyepotelewa huanza kwa kuazima simu ya jirani na kujipigia. Akikuta imezimwa, hata kama imezimwa na mcha Mungu, ameshahesabu kuwa imeibwa.

Ikaita. Kiooni: "Mayu," yaani mama kwa Kisukuma. Dereva akapokea kwa adabu: "Mwadila, mayu. Mimi siyo mwanao, mimi bodaboda." Kilichofuata ni kelele za mama aliyedhani mwanawe kapata ajali. Ilibidi kijiwe kizima kimtulize.

Watu husema kuokota si kuiba. Kifungu cha 258 cha Kanuni ya Adhabu hakiendi mbali hivyo: aliyeokota anasalimika ikiwa hamjui mwenye mali na ana sababu ya maana ya kuamini kwamba hawezi kupatikana. Ukiokota jembe njiani kwenda Itilima, pengine utajitetea. Simu inayoita mfukoni mwako, mwenyewe yuko upande wa pili anasema "halo", utamwambia hakimu nini?

Na hasara yenyewe si kioo tu. Mkulima wa Meatu anaweza kuwa na hela yake ya pamba humo humo kwenye laini. Laini zimeunganishwa na alama za vidole na namba ya NIDA, na zisizosajiliwa hivyo zilianza kuzimwa Januari 2020. Kwa hiyo namba hurudishwa, lakini mwenyewe lazima afike na kidole chake. Kutoka kijijini hiyo ni nauli na siku nzima ya palizi.

Anayekuja kudai simu, mwambie aifungue mbele yako. Akishindwa patani, alete boksi lenye ile namba ya tarakimu 15 inayotokea ukibonyeza *#06#.

Kuhusu soda ya kumshukuru aliyeokota: kama umeipeleka simu hadi Lamadi, nauli ni haki yako, na mwenye shukrani ataongeza. Lakini anayesema "tuma elfu ishirini kwanza ndiyo uipate" harudishi kitu, anauza mali ya mtu kwa mwenyewe.

Simu yangu nimeiandika namba ya mke wangu juu ya kioo, isomeke hata ikiwa imefungwa. Amekubali kwa sharti kwamba nisiipoteze usiku.