Mfanyakazi, ijue bima yako kabla ya kuugua

Msomaji, mwisho wa mwezi unapopokea pesilipu yako, jicho lako hukimbilia wapi? Bila shaka hukimbilia mstari wa mwisho, ule unaoonyesha utabaki na kiasi gani baada ya makato yote. Hiyo ni desturi ya kila mfanyakazi, na hakuna anayeweza kumlaumu. Hata hivyo, katikati ya karatasi hiyo kuna mstari mwingine ambao wengi wetu huupita bila kuusoma. Huo ni mstari wa bima ya afya.

Maoni yangu ni haya: pesa hizo si ushuru wala si sadaka. Ni sehemu ya mshahara wako ambayo umeilipia kwa jasho, na ambayo utaihitaji siku usiyoijua. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Mfanyakazi asiyejua bima yake inamlinda nani, inalipa nini na kama kweli imelipwa, ana mali asiyokuwa na daftari lake.

Tuchukue mfano wa Kiirua, katika eneo bunge la Buuri, Kaunti ya Meru, upande wa kaskazini wa Mlima Kenya. Hapo kuna Hospitali ya Misheni ya St. Theresa, iliyo chini ya Dayosisi ya Kikatoliki ya Meru. Kando ya barabara kuu ya kutoka Meru kwenda Nanyuki, upande wa Timau, kuna mashamba ya maua yaliyoajiri vijana wengi wa sehemu hizo. Vijijini wazee wanalima viazi, mahindi na kabeji. Na wengi wa watoto wao wako Nairobi, Nakuru na Mombasa, wakifanya kazi maofisini, viwandani na madukani. Pengine wewe unayesoma makala haya ni mmoja wao, au kwenu ni kwingine lakini hali ni hiyo hiyo.

Familia ya namna hii ina watu wa aina tatu: mtoto aliyeajiriwa mjini, ndugu yake anayefanya kazi katika shamba la maua, na wazazi wanaolima. Kila mmoja ana haki zake za matibabu, na haki hizo hazifanani. Matatizo mengi hutokea kwa sababu familia hudhani zinafanana.

Kutoka NHIF hadi SHA

Hazina ya Kitaifa ya Bima ya Hospitali, NHIF, ilianzishwa mwaka wa 1966. Kwa miaka mingi ilikuwa jambo la watu wenye ajira, na mtu wa kawaida hakuijali sana. Wengi walianza kuielewa thamani yake baada ya serikali kuanzisha mpango wa wagonjwa kuchangia gharama katika hospitali za umma mnamo Desemba 1989, kwani kabla ya hapo mgonjwa alizoea kutibiwa bila kulipa.

Kuanzia Oktoba 1, 2024, NHIF iliondoka na nafasi yake ikachukuliwa na Mamlaka ya Afya ya Jamii, yaani SHA, chini ya sheria ya mwaka wa 2023. Mfanyakazi mwenye mshahara hukatwa asilimia 2.75 ya mshahara wake wote kabla ya makato mengine, na kiwango cha chini ni Sh300 kwa mwezi. Wa Sh30,000 anakatwa Sh825, ilhali NHIF ilimkata Sh900. Wa Sh100,000 anakatwa Sh2,750, na zamani alikuwa akilipa Sh1,700. Kwa hivyo wapo waliopata nafuu na wapo walioongezewa mzigo. Kelele nyingi zimepigwa kuhusu kiasi kinachokatwa. Zile ambazo sijazisikia vya kutosha ni za kuuliza: nikishakatwa, ni nani aliyelindwa?

Mama hayumo katika kadi yako

Hapa ndipo penye kosa kubwa la watu wa mjini. Wengi huamini kwamba kwa kuwa wanakatwa kila mwezi, baba na mama kule nyumbani wamo. Hawamo. Makato yako yanakulinda wewe, mume au mke wako, na watoto wanaokutegemea. Mzazi hujisajili kwa jina lake na kulipiwa mchango wake. Hata enzi ya NHIF mambo yalikuwa hivyo, lakini watu hawakusoma.

Matokeo yake tunayajua. Mzee analazwa, simu zinapigwa usiku, kikundi cha WhatsApp cha familia kinafunguliwa, na harambee inaanza. Mtoto ambaye amekatwa pesa za bima miaka kumi anajikuta akikopa kulipa bili ya mzazi. Hakudanganywa na mtu. Hakuuliza tu.

Mtu asiye na mshahara, kama mkulima wa viazi wa Kiirua, huulizwa maswali kuhusu hali ya nyumba na maisha yake, kisha hupangiwa kiasi cha kulipa. Kiwango cha chini kabisa ni Sh300 kwa mwezi, yaani Sh3,600 kwa mwaka, na mchango hutakiwa ulipwe wa mwaka mzima kwa pamoja. Kwa mkulima anayepata pesa wakati wa mavuno pekee, huo ni mzigo. Kwa ndugu watatu walio kazini mjini, ni Sh100 kila mmoja kwa mwezi. Linganisha na harambee ya mwisho uliyochangia.

Kuna jambo jingine ambalo wazazi wanafaa kuambiwa. Matibabu ya kawaida katika zahanati na vituo vya afya vilivyo na mkataba na SHA hulipiwa na Hazina ya Afya ya Msingi, na mgonjwa hatakiwi kuwa amelipa mchango wowote. Anachotakiwa ni kuwa amesajiliwa. Mchango huhitajika anapolazwa au anapohitaji huduma za hospitali kubwa. Kwa hivyo mzee anayekataa kujisajili kwa kuwa hana pesa za mwaka anajinyima hata kile ambacho angepata bure.

Umekatwa, lakini zimefika?

Jambo la pili ni mwajiri. Pesa za SHA zinafaa kuwasilishwa kufikia tarehe 9 ya mwezi unaofuata. Mwajiri anayekata na kukaa nazo anavunja sheria, kwani Sheria ya Ajira ya 2007 inasema wazi kwamba kukata mshahara wa mfanyakazi na kukosa kuzipeleka pesa hizo zinakohitajika ni kosa. Sheria hiyo hiyo inampa mfanyakazi haki ya kupewa taarifa ya mshahara inayoonyesha kila kilichokatwa na sababu yake.

Sasa fikiria kijana wa shamba la maua anayempeleka mkewe kujifungua usiku wa manane. Kwenye dirisha la malipo anaambiwa akaunti yake haijalipiwa miezi miwili, au kwamba imelipiwa lakini jina la mke halimo. Kwa viwango vilivyotangazwa 2024, SHA hulipa Sh10,000 kwa mama anayejifungua kwa njia ya kawaida na Sh30,000 kwa upasuaji. Pesa hizo ni mshahara wa mwezi au zaidi kwa kijana huyo. Kuzikosa kwa sababu ya jina lisiloandikwa ni hasara ambayo ingeepukwa kwa dakika tano. Hali yako unaweza kuitazama kwa simu yoyote kwa kupiga *147#. Itazame leo ukiwa mzima. Kwenye dirisha la hospitali utakuwa umechelewa.

Haki nyingine usizoandikiwa kwenye kadi

Bima si haki pekee uliyo nayo. Sheria ya Ajira inasema mfanyakazi aliyefanya kazi miezi miwili mfululizo anastahili likizo ya ugonjwa isiyopungua siku 7 kwa mshahara kamili, na siku 7 zaidi kwa nusu mshahara, katika kila miezi 12, mradi awe na cheti cha daktari. Mama anayejifungua ana miezi mitatu ya likizo kwa mshahara kamili, na baba ana majuma mawili. Hicho ndicho kiwango cha chini. Pale ambapo chama cha wafanyakazi kimetia sahihi mkataba wa pamoja, kama mingi inayohusu mashamba ya maua, mara nyingi utakuta zaidi. Uliza nakala ya mkataba huo uisome.

Ukiumia kazini, sheria inayokuhusu ni ile ya fidia ya majeraha kazini ya 2007, inayojulikana kama WIBA. Chini ya sheria hiyo mwajiri anatakiwa kuwa na bima ya wafanyakazi wake, na gharama za kukutibu ni zake. Mfanyakazi aliyekatwa kidole na mashine au aliyeingiwa na dawa machoni hapaswi kuambiwa atumie kadi yake ya SHA kimya kimya ili ajali isiandikwe. Mweleze mwajiri mara moja, hakikisha imeandikwa, kwa kuwa naye ana siku 7 za kuripoti kwa Mkurugenzi wa Usalama na Afya Kazini. Aliyelemaa kabisa anastahili fidia ya mishahara ya miezi 96. Ajali isiyoandikwa haina fidia.

Nao walio na bima ya kampuni za kibinafsi wasijione wako salama kwa sababu ya kadi tu. Ulizeni: kiwango cha juu kwa mwaka ni kipi? Je, ni kwa mtu mmoja au kwa familia nzima? Ni magonjwa gani yasiyolipiwa? Hospitali gani inakubali kadi hiyo mtu akiugua akiwa likizoni Kiirua? Na kumbukeni kwamba siku kazi inapoisha, kadi hiyo nayo huisha.

Bima haimponyi mtu

Ninajua wapo watakaosema: kwa nini nijisumbue na mfumo ambao wenyewe unayumba? Ni kweli hospitali za misheni na za kibinafsi zililalamika sana kuhusu madeni ya NHIF, na malalamiko ya kucheleweshewa malipo hayakwisha SHA ilipoanza. Mgonjwa amewahi kuagizwa alipe taslimu huku amekatwa mshahara. Hayo ni makosa ya wenye mamlaka na wanafaa kuulizwa bila kuchoka. Lakini mwenye haki ya kuuliza kwa sauti ni yule aliye na rekodi zake mkononi. Asiyejua alichokatwa ataulizia nini?

Isitoshe, bima yoyote hulipa hospitali, haileti afya. Shinikizo la damu na kisukari huanza taratibu, bila maumivu, kwa mtu anayekaa kitini mchana kutwa, anayekula chipsi na soda kwa chakula cha mchana, na anayeongeza chumvi mezani kabla ya kuonja. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asipitishe gramu 5 za chumvi kwa siku, kiasi cha kijiko kimoja cha chai, ikiwa ni pamoja na ile iliyo ndani ya mkate na vyakula vya pakiti. Kipimo cha shinikizo kikifika 140 juu na 90 chini, na kikarudia siku nyingine, hilo ni la kumwona daktari hata kama hujisikii mgonjwa.

Kupimwa hakuna gharama ya kutisha. Tangu Septemba 2023 wahudumu wa afya ya jamii wapatao 100,000 wamepewa vifaa vya kupima shinikizo na sukari nyumba kwa nyumba. Mwambie mama asimfungie mlango. Wewe mwenyewe ingia kituo cha afya kilicho karibu na kazini mara moja kwa mwaka.

Kwa waajiri nina neno moja. Bandikeni kila mwezi ukutani, karibu na pale wafanyakazi wanapotia sahihi, risiti ya michango mliyowasilisha. Mwajiri aliyelipa hana la kuficha, na karatasi hiyo itawaondolea wafanyakazi wasiwasi mwingi.

Na wewe msomaji, juma hili fanya mambo manne. Soma mstari wa bima katika pesilipu yako. Piga *147# uone kama michango imefika na kama jina la mwenzi wako na la kila mtoto limo. Pigia simu wazazi uwaulize kama wamesajiliwa, kisha mwelewane na ndugu zako nani atalipa kiasi gani. Halafu kapime shinikizo la damu. Kinga ni bora kuliko tiba, na bima iliyokaguliwa mapema ni bora kuliko harambee ya usiku.