Mudiay na Ntilikina: kipaji peke yake hakitoshi

Kila mara wachezaji wawili vijana wa namba 1 wanapotokea kwa wakati mmoja, wapenzi wa basketi wanataka kujua haraka nani kati yao atafika mbali. Namba 1 ndiye anayepandisha mpira, anayepanga mchezo na kuamua nani apewe pasi. Makosa yake yanaonekana na kila mtu, kwa hiyo anapimwa mapema na kuhukumiwa mapema. Emmanuel Mudiay na Frank Ntilikina waliingia NBA, ligi kubwa ya Marekani, wakiwa na miaka 19 kila mmoja. Hawakuwa wamefikisha miaka 25 wakati wengi walipokwisha kusema kwamba hawakutimiza matumaini.

Leo njia zao zinaonekana vizuri zaidi. Kwa mzazi, mwalimu ama kocha wa Kivu Kaskazini, hasa yule anayeishi karibu na watoto waliokimbia Kanyabayonga, njia hizo zina somo ambalo haliko kwenye orodha ya pointi.

Watoto wawili wa vita

Mudiay alizaliwa Kinshasa tarehe 5 Machi 1996. Baba yake alifariki yeye akiwa bado mtoto mdogo. Wakati vita vilipokuwa vikiendelea nchini, mama yake alikwenda Marekani kuomba hifadhi, na baadaye watoto wake wakamfuata. Familia ikakaa Texas, na huko ndiko Mudiay alikuzwa na mpira wa kikapu.

Ntilikina alizaliwa Ixelles, mjini Brussels, tarehe 28 Julai 1998. Wazazi wake ni Wanyarwanda waliokimbia mauaji ya kimbari ya mwaka wa 1994. Akiwa bado mdogo, familia yake ilihamia Strasbourg, nchini Ufaransa.

Kuna msomaji ambaye, kwa hali ya sasa, hatapenda kuona mtoto wa Kinshasa akiwekwa kwenye mizani moja na mtoto wa familia iliyotoka Rwanda. Hasira hiyo inaeleweka mahali ambapo watu wamezika ndugu zao na kuacha mashamba yao. Lakini hakuna hata mmoja kati ya hawa wawili aliyechagua vita vilivyohamisha familia yake. Mwanzo wao unafanana. Kilichotofautiana ni mikono iliyowapokea.

Nani alikuwa na kipaji zaidi?

Kwa macho tu, jibu lilikuwa Mudiay. Alikuwa na nguvu, mwendo wa kasi na uwezo wa kupenya mpaka chini ya kikapu. Akiwa na miaka 18 alicheza China na timu ya Guangdong, mbele ya watu wazima, na kabla ya kuumia kifundo cha mguu alikuwa akifunga wastani wa pointi 18 kwa mechi. Mwaka wa 2015 Denver ilimchagua wa 7 katika drafti, zoezi ambalo timu za NBA hutumia kuchagua wachezaji wapya. Katika mechi yake ya kwanza, tarehe 28 Oktoba 2015, alifunga pointi 17 na kutoa pasi 9 za kufunga, lakini alipoteza mpira mara 11. Usiku ule mmoja ulionyesha uzuri wake na udhaifu wake pamoja.

Ntilikina alikuwa mchezaji wa aina nyingine. Desemba 2016 aliongoza Ufaransa kutwaa ubingwa wa Ulaya wa vijana wa chini ya miaka 18 huko Samsun, Uturuki, na akatajwa mchezaji bora wa mashindano. Alikuwa na mikono mirefu, utulivu na ulinzi mkali. New York ilimchagua wa 8 mwaka wa 2017. Shida yake ilikuwa kusita: alikuwa na nafasi ya kutupa, akatoa pasi, njia ilikuwa wazi, akarudisha mpira nyuma.

Takwimu za msimu wa kwanza wa kila mmoja zinampendelea Mudiay: pointi 12.8 na pasi 5.5 kwa mechi, dhidi ya pointi 5.9 na pasi 3.2 za Ntilikina. Lakini msomaji asiishie hapo. Mudiay alipewa karibu dakika 30 kwa mechi, Ntilikina karibu dakika 22. Na katika mitupo yote waliyojaribu, kila mmoja aliingiza asilimia 36 tu. Kwa maneno mengine, mmoja alikosa kwa kuthubutu sana, mwingine alikosa na pia akaogopa kujaribu. Wote wawili walikuwa bado hawajaiva, jambo la kawaida kwa kijana wa miaka 19.

Februari 2018 Mudiay alihamishiwa New York, akamkuta Ntilikina hapo. Vijana wawili wenye asili ya ukanda wa Maziwa Makuu wakawa wanagombea kazi moja katika timu iliyokuwa hoi. Msimu wa 2018-19 New York ilipoteza mechi 65 kati ya 82. Mudiay alifunga wastani wa pointi 14.8, msimu wake mzuri kuliko yote. Ntilikina alicheza mechi 43 tu. Lakini timu inayopoteza kiasi hicho haina muda wa kufundisha mtu. Mwaka uliofuata Mudiay alikwenda Utah, na baada ya hapo mlango wa NBA ukaanza kufungwa. Mwishoni mwa 2021 alipata mechi 2 tu na Sacramento. Ntilikina alipitia Dallas na Charlotte, kisha mwaka wa 2024 akarudi Ulaya kuchezea Partizan ya Belgrade.

Kama NBA ndiyo mizani pekee, wote wawili walianguka, na Mudiay alianguka akiwa na pointi nyingi zaidi. Lakini kuna mizani nyingine.

Malezi yanayomfuata mchezaji

Wakati New York haikumwamini, Ntilikina alikuwa na mahali pa kurudi. Septemba 2019, kwenye Kombe la Dunia nchini China, Ufaransa iliishinda Marekani pointi 89 kwa 79 katika robo fainali, na Ntilikina alikuwa kiwanjani akifanya kazi yake ya ulinzi. Ufaransa ikaondoka na medali ya shaba. Alikuwa pia kwenye timu zilizopata medali ya fedha katika Olimpiki za Tokyo na Paris. Kocha wa taifa kwenye mashindano hayo yote, Vincent Collet, ndiye aliyekuwa amemfundisha Strasbourg. Alimjua tangu ujana wake. Hakumwomba afunge pointi 20. Alimwomba amzuie mpinzani, na hilo alilifanya.

Njia ya Mudiay ilikuwa na vituo vingi na hakuna kilichodumu. Alikuwa amekubali kusoma na kucheza katika chuo kikuu cha SMU, mjini Dallas, lakini mwaka wa 2014 akachagua mkataba wa China wa dola milioni 1.2, akisema amechoka kuona mama yake akihangaika. Nani atamlaumu? Shule aliyomalizia sekondari, Prime Prep, ilifungwa Januari 2015. Denver nayo ilimkabidhi mpira siku ya kwanza, kisha mwaka uliofuata ikachagua Jamal Murray, tena katika nafasi ya 7, na mipango ikabadilika.

Msimu ule ule Mudiay alipoanza, Denver ilimpokea kijana mwingine, Nikola Jokić kutoka Serbia, aliyechaguliwa wa 41 mwaka wa 2014. Jokić baadaye akawa mchezaji bora wa ligi mara 3, na Denver ikawa bingwa mwaka wa 2023. Watu wanaolipwa mamilioni ya dola kupima vipaji walimwona wa 7 kuwa ndiye mustakabali, na wa 41 kuwa bahati nasibu. Ikiwa wao wanakosea hivyo, kocha wa mtaani asijigambe kwamba anamjua bingwa kwa kumtazama mara moja.

Haifai pia kumwondolea Mudiay sehemu yake. Mpira aliopoteza aliupoteza yeye, na mtupo wake haukuimarika vya kutosha. Lakini kosa la kijana hurekebishwa na mtu anayekaa naye kwa miaka, na Mudiay hakupata mtu huyo katika kazi yake. Ntilikina, aliyeonekana kuwa na kipaji kidogo cha kufunga, alimpata.

Congo inazaa, wengine wanalea

Hapo ndipo aibu inaporudi nyumbani. Bismack Biyombo wa Lubumbashi mwaka wa 2011, Mudiay mwaka wa 2015, na Jonathan Kuminga aliyezaliwa Goma, mwaka wa 2021: Wacongomani watatu, wote walichaguliwa wa 7. Kabla yao kulikuwa na Dikembe Mutombo, wa 4 mwaka wa 1991. Kuminga alikuwa bingwa na Golden State mwaka wa 2022. Fahari ni kubwa. Lakini Mutombo alinolewa Georgetown, Biyombo alipitia Yemen na Hispania, Kuminga alikuzwa Marekani. Nchi yenye kutoa wachezaji wa namna hiyo haikosi vipaji. Inakosa mahali pa kuvitunza.

Sasa ni zamu ya Kanyabayonga. Mwishoni mwa Juni 2024 mji huo ulio kwenye barabara ya taifa namba 2, mpakani mwa Lubero na Rutshuru, ulichukuliwa na waasi wa M23. Wakaaji walikimbia kuelekea Kirumba, Lubero na Butembo, na baadhi yao walikuwa tayari ni wakimbizi wa ndani waliotoka Rutshuru. Shule na makanisa yakageuka mahali pa kulala. Mtoto aliyekuwa na miaka 13 siku ile alikuwa katika umri ambao namba 1 anajifunza kuinua macho na kuacha kutazama mpira. Kama kati yao kuna Mudiay ama Ntilikina, nani atajua, ikiwa hakuna anayeandika hata majina yao?

Kuna wengine wanaowatazama. Kijana wa miaka 15 aliye mrefu, mwenye mbio, ambaye wenzake wanamsikiliza anapotoa amri, ni namba 1 mzuri. Ni kijana huyo huyo ambaye kundi lenye silaha linamtafuta. Kundi hilo halimwombi ada, halimwambii asubiri mwaka ujao. Linachagua haraka kuliko kocha yeyote. Sheria ya Congo ya tarehe 10 Januari 2009 kuhusu ulinzi wa mtoto inakataza kumwingiza jeshini ama katika kundi la silaha mtu yeyote wa chini ya miaka 18. Inahusu pande zote, na wenye kuamuru wanaijua.

Yanayowezekana tangu sasa

Kusubiri amani kamili ndipo vijana wapewe mpira ni kuwapoteza. Kuna mambo ambayo hayahitaji bajeti ya Kinshasa.

La kwanza, vilabu, shule na parokia za Butembo na Beni zenye viwanja ziwafungulie watoto wakimbizi bila ada, na bila kuwauliza kabila ama lugha ya nyumbani.

La pili, kila kocha awe na kaye. Aandike mipira aliyopoteza mtoto, pasi alizotoa, mitupo aliyoingiza, namna anavyolinda, na kama anakwenda shuleni. Baada ya miezi 6 amlinganishe mtoto na yeye mwenyewe wa zamani, kabla ya kumlinganisha na jirani yake. Kaye ina bei ndogo kuliko mpira.

La tatu, wazazi wasimkabidhi mtoto ama hati zake kwa mtu anayeahidi safari ya kwenda kucheza ng'ambo, mpaka wajue jina la shule, mkataba unasema nini, na nani atalipa tiketi ya kurudi kama mambo yataharibika.

La nne ni la shirikisho la basketi na wizara ya michezo. Wasiwakumbuke vijana wa Kivu Kaskazini siku wanapovaa jezi ya NBA tu. Mashindano ya vijana yafanyike kila mwaka katika miji inayofikika, yakisimamiwa na makocha waliopata mafunzo, ili mtoto aonekane zaidi ya mara moja.

Jibu la swali la mwanzo, basi, ni hili: Mudiay alikuwa na kipaji kikubwa zaidi, Ntilikina alikuwa na watu waliobaki naye. Medali zilikwenda kwa yule aliyekuwa na watu. Katika kambi na viwanja vya Butembo na Beni, vijana wa Kanyabayonga wameshakuwa na muda mwingi wa kusubiri. Wenye viwanja wawaite wiki hii.