Mkengeuko si Madini: Wajibu wa Kiswahili katika Utafutaji wa Nikeli

Wahenga walinena kwamba dalili ya mvua ni mawingu. Hawakunena, hata hivyo, kwamba kila wingu huleta mvua. Tofauti hiyo ndiyo kiini cha ufasiri wa vipimo vya jiofizikia katika utafutaji wa nikeli, na ndiyo inayopotea taaluma hiyo inapoelezwa kwa Kiswahili kisichopimwa.

Mfano ulio karibu ni Kabanga, wilayani Ngara, kaskazini-magharibi mwa Tanzania, ambako nikeli ilianza kutafutwa miaka ya 1970. Nikeli ya huko imo katika salfaidi, hususan pentilandaiti iliyochanganyika na pirotaiti. Pirotaiti hupitisha umeme vizuri. Kwa hiyo wataalamu hutandaza waya ardhini, hupitisha mkondo wa umeme, kisha huukata ghafla. Hapo mikondo mingine huzuka ndani ya miamba. Ikififia polepole, hubainika kwamba chini kuna kipitishi kizuri.

Tatizo ni kwamba grafaiti nayo hupitisha umeme, ilhali haina nikeli. Pirotaiti yenyewe aghalabu hupatikana bila nikeli ya kutosha. Isitoshe, miamba ya mashapo inayoizunguka Kabanga ina matabaka yenye grafaiti na salfaidi. Vivyo hivyo, usumaku mkali waweza kutokana na magnetaiti tu. Nova, huko Australia Magharibi, iligunduliwa mwaka 2012 ndani ya umbo lililofanana na jicho katika ramani ya usumaku. Hata hivyo, si jicho hilo lililothibitisha kuwapo kwa nikeli. Udongo ulichunguzwa, vipimo vya umeme vikafuata, na hatimaye uchorongaji ndio uliokata shauri.

Je, kipimo kinachotofautiana na vya jirani kiitweje kwa Kiswahili? Kikiitwa hitilafu, msikilizaji hudhani chombo kimeharibika. Kikiitwa dalili ya madini, hukumu imetolewa kabla ya ushahidi. Neno mkengeuko, ambalo limekwisha kuzoeleka katika takwimu, lafaa zaidi. Lasema kwamba thamani imeacha njia ya kawaida. Halisemi ni kwa nini. Sababu huachiwa mfasiri na mchorongaji.

Wapo watakaodai kwamba hilo ni suala la wanajiolojia peke yao. Dai hilo halina mashiko. Mkulima wa migomba na mibuni akiambiwa kwamba madini yameonekana chini ya shamba lake, huenda akaacha kupanda, akangoja fidia. Kampuni ikichoronga na kukuta grafaiti, huondoka. Mkulima hubaki akiamini kwamba amedanganywa, au kwamba mali yake imefichwa, ilhali lililokosewa ni neno moja tu la tafsiri. Uhasama wa namna hiyo hautibiwi kwa ramani.

Ni jukumu la wanafunzi na wahadhiri wa Kiswahili, basi, kuketi pamoja na wenzao wa idara za jiolojia na kusanifu istilahi ambazo haziahidi zaidi ya vipimo vyenyewe. Lugha inayotaka kuwa ya sayansi haina budi kujua kutaja shaka kwa usahihi uleule inaotumia kutaja yakini.