Gari Halitoki Mpaka Lijae

Kifungu cha 2A kilichomfunga Mkenya kwenye chama kimoja kilifutwa Desemba 1991. Katika steji zetu za Longonot, Mai Mahiu, Naivasha na Nakuru hakijafutwa. Huko abiria angali na gari moja tu, lile lililo kwenye zamu, nalo halifuati saa. Huondoka likijaa, na anayelalamika huambiwa ashuke atembee kwa miguu.

Wapo waheshimiwa watakaocheka wakisikia tukiliita jambo hili siasa. Nao wacheke. Sisi twauliza: mama aliyepangiwa kumwona daktari Nakuru saa mbili asubuhi, akaketi garini kutwa akingoja kiti cha mwisho kipate mtu, ameibiwa nini na ni nani aliyemwibia? Kibarua aliyefika kazini akiwa amechelewa hukatwa ujira wake au hurudishwa nyumbani. Katika ule mfano wa shamba la mizabibu, waliofika saa ya mwisho walilipwa sawa na wa alfajiri; hatujasikia mwajiri wa namna hiyo katika Bonde la Ufa. Hapa Longonot mambo ni mabaya zaidi, kwa kuwa magari mengi ya Nairobi hupita yamejaa, na lenye nafasi huenda likadai nauli ya safari nzima. Mvua ikinyesha jioni, nauli hupanda kabla matone hayajafika chini.

Tena kuna hila ambayo kila mmoja wetu anaijua. Manamba huketi vitini wakijifanya abiria ili gari lionekane limekaribia kujaa. Ukishaingia na kulipa, wao hushuka mmoja mmoja.

Tusidanganywe kwamba haya ni maumbile ya nchi. Mwaka 1973 Mzee Kenyatta aliruhusu matatu zichukue abiria bila leseni ya usafirishaji, na twakiri kwamba ziliwafikia watu ambao mabasi makubwa hayakuwahi kuwajali. Mwaka 1986 Serikali ikaleta Mabasi ya Nyayo. Yalikuwa nafuu, watu wakayapenda, kisha usimamizi mbovu ukayamaliza katika miaka ya 1990. Kanuni za Waziri Michuki, zilizotangazwa 2003 na kuanza kutekelezwa 2004, zilituletea mikanda, vidhibiti mwendo na mstari wa manjano, nasi tulishukuru. Lakini ndani ya kanuni hizo hizo mlikuwa na sharti kwamba dereva na utingo waajiriwe kwa kudumu. Sharti hilo ndilo lililosahauliwa upesi kuliko yote, na humo ndimo ulimo mzizi wa uovu huu. Mtu asiye na mshahara, anayedaiwa na mwenye gari kiasi maalumu cha fedha kila jioni, atawezaje kuondoka na viti vitupu? Hatumlaumu dereva. Twamlaumu anayemtuma, ambaye mara nyingine huketi safu ya mbele kanisani.

Wenye magari hujibu kwamba mafuta ni ghali, benki inadai, na barabarani kuna mikono isiyoshiba. Hilo la mikono ni kweli tupu, nasi tutapigana nalo bega kwa bega pamoja nao. Ila hoja yao nyingine haisimami. Alfajiri mabasi ya mashamba ya maua kando ya Ziwa Naivasha hupita kwenye barabara hizi hizi, katika matope haya haya, yakiwapeleka wafanyakazi kwa zamu iliyopangwa. Ni kwa sababu mwenye shamba anajua hasara ya kuchelewa. Hasara yetu sisi haina mwenyewe. Isitoshe, kanuni za mwaka 2014 zilitaka kila gari la abiria liwe chini ya chama au kampuni yenye magari yasiyopungua 30. Chama cha magari 30 kinashindwaje kugawana hasara ya safari moja ya alfajiri yenye viti vitano vitupu?

Sheria ipo. Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 limezipa kaunti usafiri wa umma wa barabarani. Ibara ya 46 inampa mtumiaji haki ya huduma yenye ubora ufaao, hata kama anayeitoa ni mtu binafsi. Nakuru ilipewa hadhi ya jiji Desemba 2021. Jiji gani hili ambalo anayekwenda Lanet au Kaptembwo hawezi kuambiwa gari litaondoka saa ngapi? Twataka sheria ya kaunti inayosema hivi: saa ya kwanza na ya mwisho ibandikwe kila steji pamoja na nauli, gari liondoke saa yake ikifika, lijae lisijae, na chama kinachovunja ratiba mara kwa mara kinyang'anywe njia hiyo na kupewa kingine.

Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012, kifungu cha 15, yampa kila mtu haki ya kuwasilisha ombi mbele ya Bunge la Kaunti. Kwa hiyo twaomba kila kikundi cha parokia na kila tawi letu, kuanzia Mai Mahiu hadi Njoro, kiwe na daftari. Kwa majuma mawili andikeni njia, saa mliyoingia garini, saa lilipoondoka, na nauli mliyotozwa. Msiandike jina la dereva. Daftari hizo ndizo tutakazoambatisha kwenye ombi letu kwa Karani wa Bunge huko Nakuru.