Plagi Mbili Kwenye Waya Mmoja

Shangazi yangu wa Mbagala, yule ambaye wasomaji wa safu hii mmezoea kumsikia akiilalamikia luku, amefungiwa sola. Paneli nne juu ya bati, betri ya lithiamu ukutani, inveta inawaka taa ya kijani. Jumapili aliniita nikale pilau, niione na neema yenyewe. Pilau niliiacha sahanini.

Chini ya inveta kulikuwa na waya wenye plagi ncha zote mbili. Ncha moja imechomekwa kwenye inveta, ya pili kwenye soketi ya sebuleni. Umeme wa jua unaingilia kwenye soketi, unarudi kinyumenyume hadi kwenye boksi la breka, unasambaa nyumba nzima. Fundi alikuwa bado yupo, anasubiri kumaliziwa hela yake. Nikamuuliza, huu na wa Tanesco vinazuiwa na nini visikutane?

"Mzee, umeme ukikatika mama anazima meni swichi, halafu anachomeka. Ukirudi, anachomoa kwanza ndiyo anawasha."

Na akisahau?

"Hawezi kusahau, nimemwelekeza."

Nilimwambia palepale kwamba hiyo si kazi ya fundi. Shangazi akanikanya nisimvunjie mgeni heshima nyumbani kwake. Lakini heshima gani? Bibi wa miaka sabini, saa nane usiku, giza totoro, wajukuu wanalia joto, ndiye aliyegeuzwa kuwa swichi. Akianza kuchomoa upande wa soketi, vile vyuma vitupu vya plagi vinabaki na volti 230, kimo cha mkono wa mtoto. Asipochomoa akawasha meni swichi, umeme wa Tanesco unagongana na wa inveta, na inveta inaweza kuungua.

Hayo ni ya ndani ya nyumba. Meni swichi ikiachwa imewashwa, umeme ule unatoka hadi barabarani. Transfoma ya mtaani inayoshusha volti 11,000 ziwe zetu za nyumbani hufanya kazi kwa kurudi nyuma pia: ipe umeme upande wa nyumbani, itaupandisha. Mara nyingi inveta ndogo italemewa na mzigo wa majirani na kujizima. Lakini waya ukikatika jirani na nyumba hiyo hakuna mzigo wa kuilemea, na ndipo hapo hasa kijana wa Tanesco anapopandia nguzo. Mtaniambia hupima kabla ya kugusa. Anapima, ndiyo. Anapima saa nne, na wewe unachomeka saa nne na dakika tano.

Chanzo nakijua: tunanunua paneli kwa mbwembwe, tukifika kwenye ufungaji tunabana hela. Kwenye boksi la paneli pale pale nilikuta breka za kawaida za nyumbani. Umeme wa gridi hushuka hadi sifuri mara 100 kwa sekunde, ndiyo maana cheche ndani ya breka hufa upesi. Umeme wa paneli haushuki hata mara moja, cheche inaweza kuendelea kuwaka mpaka plastiki iyeyuke. Breka za sola zipo madukani. Hazikununuliwa.

Na dawa ya ile plagi ni chenjiova, swichi yenye mkono mmoja: juu Tanesco, katikati zima, chini sola. Mkono huo hauwezi kukaa juu na chini kwa wakati mmoja, hata anayeugeuza awe na usingizi.

Waya ule niliuchomoa nikaondoka nao, na shangazi bado amenuna. Wewe uliyefungiwa sola, leo hii mwite fundi wako akuonyeshe kwa kidole umeme wa jua na wa Tanesco unatenganishwa wapi. Akikuonyesha plagi, usimmalizie hela. Mwombe na leseni ya EWURA, kwa sababu kazi ya kufunga umeme wa nyumba inaihitaji.