Usiseme "Niko Singo" Wakati Una Mke

Ndugu zangu vijana wa Nyarugusu, Nduta, Nakivale, Kyaka, Kakuma na Dzaleka, na ninyi wafanyakazi wa mashirika mnaotusoma humu kimya kimya, leo sitabembeleza mtu. Kuna ushauri mmoja unazunguka kwenye kambi zetu miaka yote, na ushauri huo unavunja nyumba za watu. Unasema hivi: "Ukiitwa intavyuu, sema uko singo. Nenda kwanza, ukifika utamwita."

Ni uongo. Mke uliyemkana kwenye intavyuu, kumwita baadaye ni kazi ambayo wengi wameishindwa. Na wanaotoa ushauri huo hawapo siku mambo yanapoharibika.

Dada yangu aliolewa mwaka 2014, hapa hapa Nyarugusu. Shemeji alitoa mbuzi na pesa kidogo, wazee wakakaa, mchungaji akaomba, tukala wali. Mwaka 2015 wakapata mtoto. Lakini kwenye karatasi shemeji alikuwa bado yuko kwenye kesi ya baba yake, kama kijana wa nyumbani. Mwaka 2016 kesi ikaanza kutembea, wakaitwa intavyuu. Baba yake akasema: "Ukiingiza mke na mtoto sasa hivi, kesi yote itasimama, na wadogo zako watakulaumu hadi kufa." Halafu kuna mzee mmoja wa pale kwenye kibanda cha chai, yule ambaye kila kambi inaye, mtaalamu wa kesi ambaye mwenyewe hajawahi kupanda ndege. Akachukua shilingi 30,000, akatoa ushauri: "Sema singo. Marekani mtu akishafika anamwita anayemtaka."

Na nani alimfanyisha shemeji mazoezi ya maswali usiku? Mimi. Nilikuwa na miaka 16, niko sekondari. Nilishika daftari nikawa namwuliza: "Umeoa?" Anajibu hapana. "Una mtoto?" Hapana. Mara ya kwanza alisita, nikamwambia usisite, watakushtukia. Mtoto mwenyewe alikuwa amelala pale pale kwenye mkeka. Kwa hiyo msifikiri naandika kama mtu msafi.

Shemeji akaondoka mwaka 2017. Si mtu mbaya. Kila Jumapili anapiga simu, akipata anatuma pesa, na hajaoa mwingine. Alipopata uraia wa huko akaenda kwa mwanasheria amwite mkewe. Mwanasheria akamwuliza swali moja tu: kwenye intavyuu ya ukimbizi ulisema umeoa? Akajibu ukweli. Akaambiwa kwamba akituma ombi, faili la zamani litafunguliwa, na ndani yake kuna kiapo kwamba hana mke wala mtoto. Kwamba jambo hilo linaweza kumkwamisha mke, na linaweza pia kugusa uraia wake mwenyewe. Mpaka leo hajatuma. Yule mtoto aliyekuwa amelala kwenye mkeka sasa ana miaka 10, na baba anamjua kwenye kioo cha simu.

Sasa twende kwenye sheria zenyewe, maana pale kwenye chai hawazisemi.

Marekani. Mtu aliyeingia kama mkimbizi anaweza kumwombea mke au mume, na watoto wasiooa wala kuolewa walio chini ya miaka 21, kwa fomu inayoitwa I-730. Fomu hiyo haina ada. Lakini ina masharti mawili makubwa: ndoa iwe ilikuwepo kabla hujaingia Marekani, na uitume ndani ya miaka 2 tangu ulipoingia. Sasa niambie, wewe uliyeapa kwamba huna mke, utathibitishaje kwamba ndoa ilikuwepo? Ukisema ilikuwepo, unakiri uliapa uongo. Ukisema haikuwepo, fomu hiyo si yako. Umejifungia nje na ufunguo umeuacha ndani.

Canada. Kule kuna kitu kinaitwa dirisha la mwaka mmoja. Mkimbizi akiwataja mke na watoto kabla ya kuondoka, hata kama hawakusafiri pamoja, ana mwaka 1 baada ya kufika wa kuomba wamfuate. Lakini kanuni yao ya uhamiaji, kifungu cha 117(9)(d), inasema ndugu ambaye hakutajwa na hakuchunguzwa wakati wa ombi la kwanza hahesabiwi tena kuwa wa familia unayoweza kuidhamini. Mwaka 2019 walilegeza kidogo kwa baadhi ya watu, lakini kama mpango wa majaribio wenye muda wake. Usijenge nyumba juu ya huruma ya muda.

Australia. Aliyepewa viza ya ukimbizi anaweza kuwapendekeza mke na watoto ndani ya miaka 5, ikiwa aliwataja kabla viza yake haijatolewa. Hakuwataja, njia hiyo inafungwa.

Mnaona? Nchi tatu, bahari tofauti, serikali tofauti, na swali ni lile lile: ulimtaja au hukumtaja?

Wapo wanaojitetea kwa sababu mke ni wa taifa jingine. Mkongo ameoa Mrundi, au Mrundi ameolewa na Mtanzania wa kijiji cha jirani, basi anaona huyo hahusiki na kesi. Anahusika. Kuwa wa taifa jingine kunaweza kuongeza karatasi na kuongeza maswali, lakini hakumfanyi asiwe mkeo. Mtaje, halafu uache maafisa wenyewe waseme karatasi gani inatakiwa.

Najua jibu lenu. Nimelisikia mara nyingi: "Ukimtaja mke, kesi inasimama." Ndiyo, ni kweli, na anayekataa hilo anawadanganya. Kuongeza mtu kwenye kesi kunaweza kuirudisha nyuma. Huyo mtu atasajiliwa, ataulizwa, atapimwa afya, atachunguzwa usalama. Inaweza kuchukua miezi, inaweza kuchukua miaka. Na tangu Januari 2025, Marekani iliposimamisha mpango wake wa kupokea wakimbizi, watu wengi waliokuwa tayari wamefunga mizigo walirudi kwenye nyumba zao za miti. Kwa hiyo naelewa hofu ya mtu anayeona mlango uko wazi leo na hajui kesho.

Lakini tuhesabu pamoja. Shemeji aliogopa kesi isimame mwaka mmoja au miwili. Amekaa mbali na mkewe zaidi ya miaka 8, na hakuna mtu anayeweza kumwambia lini itaisha. Kesi iliyosimama bado ina watu wote ndani yake. Kesi iliyotembea kwa uongo imemwacha mke njiani, na mke hana hata namba ya kuulizia. Kwenye kumbukumbu za kambi dada yangu anaonekana mama asiye na mume. Ana mume, ana mahari iliyotolewa mbele ya watu, na hana karatasi moja inayosema hivyo.

Na ukweli mwingine ambao wanaume hatupendi kuusikia: anayelipa gharama ya "ujanja" huu ni mwanamke. Mwanaume akiondoka, anaondoka na kesi. Mwanamke anabaki na watoto, na mgao wa chakula, na maneno ya majirani. Wakwe wanamchunga kama mali. Akisema amechoka kusubiri, ni malaya. Akisubiri, ujana unaisha. Sisi tuliomshauri mume tunapita pale kwake na kumsalimia, "Vipi shemeji, bado hajakuita?"

Sasa kuna ujanja mpya nauona. Mtu alishadanganya, yuko Marekani au Canada, anataka kurudi afanye harusi ya pili na mke yule yule, ili tarehe ionekane mpya. Suti, keki, picha, kila kitu. Ndugu yangu, una watoto wakubwa kuliko ndoa hiyo! Ubalozini wanaweza kuomba kipimo cha DNA, wanaweza kumwuliza mkeo peke yake mlijuana lini. Hapo hata mke unamfundisha kudanganya, na uongo uliokuwa wako peke yako sasa unakuwa wenu wawili. Njia ya mwongo ni fupi, wahenga walishasema.

Kama umeshafika huko na ulidanganya, tafuta mwanasheria wa uhamiaji, umweleze yote kabla hujatuma fomu yoyote. Marekani yapo mashirika yasiyo ya biashara yenye watu walioidhinishwa na Wizara ya Sheria kusaidia kesi za uhamiaji, mengi yao kwa gharama ndogo. Usimpe pesa mtu wa WhatsApp.

Na wewe ulioondoka kweli ukiwa huna mke, ukarudi baadaye kuoa kambini, wewe hukudanganya mtu, huna uongo wa kukufungia njia. Lakini usimtamkie binti "nitakuita" kama salamu. Marekani ni fomu I-130, na tangu Aprili 2024 ada yake peke yake ni dola 675 ukituma kwa karatasi, bado viza, bado vipimo, bado nauli. Kisha kuna hati ya kuonyesha kwamba kipato chako kinafika angalau asilimia 125 ya kiwango cha umaskini kwa ukubwa wa familia yako. Lazima pia uwe na makazi Marekani, au uthibitishe kwamba unarudi kuishi huko. Canada, kama bado hujawa raia, huwezi kumdhamini mke huku wewe mwenyewe unaishi Kigoma. Na mkeo akiitwa ubalozini, kutoka hapa kambini Tanzania anahitaji kibali, si kupanda basi tu. Mwambie binti mambo hayo yote kabla ya mahari. Na wewe binti, muulize: una hati gani ya kuishi huko, unafanya kazi gani, kuna mke mwingine kwenye faili lako? Akikasirika kwa maswali hayo, umeshapata jibu.

Sasa naomba niseme na wafanyakazi wa mashirika, kwa heshima. Ninyi mnatuita waongo, na kweli tumedanganya. Lakini mimi nimejitolea kambini miaka kadhaa, nimesimama kwenye mistari ya watu wanaosubiri kuitwa, na mara nyingi kijana anaambiwa "sema ukweli" bila kuelezwa ukweli huo unamlinda vipi. Anayemweleza kwa urefu ni yule mzee wa chai, kwa Kiswahili, kwa mifano, kwa kujiamini. Mnashindwa na mtu wa kibanda!

Naomba mambo matatu. Kwanza, elezeni sheria ya kumtaja mke na watoto kabla ya intavyuu, kwa Kiswahili cha kawaida, na waambieni watu wazi kwamba kesi inaweza kuchelewa. Mtu akijua bei ya ukweli na bei ya uongo, atachagua mwenyewe. Pili, kijana mwenye miaka zaidi ya 18 aliye kwenye kesi ya baba yake mwelezeni peke yake, baba akiwa nje. Shemeji asingeweza kumpinga mzee wake mbele ya watu. Tatu, anayekuja kusahihisha kabla ya ndege asipokelewe kwa kufokewa. Nilimsindikiza kijana mmoja kwenye ofisi moja kumwongeza mke, akafokewa mbele ya foleni nzima kwamba anapoteza muda wa watu. Wangapi waliokuwa kwenye foleni ile walirudi nyumbani na siri zao?

Na kwenu vijana wenzangu, hata kwenye giza hili la kesi kusimama, karatasi tunazoandikisha leo ndizo zitakazosomwa mlango ukifunguliwa, uwe wa Marekani au wa nchi nyingine. Umeoa? Nendeni wote wawili ofisi ya usajili, mkaandikishwe. Mtoto amezaliwa? Mwandikishe. Ulisema singo na bado hujaondoka? Rudi ukasahihishe wiki hii. Utaulizwa maswali magumu, utaona aibu, pengine utachelewa, lakini utachelewa ukiwa na mkeo. Na kumbukeni huduma za UNHCR ni bure. Anayekutoza pesa kwa ajili ya kesi anakuibia, hata kama mnasali kanisa moja.

Lile daftari la mazoezi bado ninalo. Mwezi uliopita nilimpelekea dada nikamwomba msamaha. Hakusema kitu muda mrefu. Halafu akaniambia: "Ulikuwa mtoto. Lakini sasa wewe ni mkubwa, waambie wengine."

Ndiyo nimewaambia. Kama unaogopa intavyuu yako na hujui useme nini kuhusu mkeo au mumeo, nitafute, tutaisoma fomu pamoja. Sitakufundisha kujibu hapana.