Raia Katika Wizara ya Ulinzi

Tangu mwezi wa Februari 2025 tumekuwa tukiyafuata kwa makini mambo yaliyowapata watumishi raia wa Wizara ya Ulinzi ya Marekani. Mwezi ule wakuu wa wizara walitangaza nia ya kuwapunguza raia kwa asilimia 5 hadi 8, na kwamba wataanza na watu wapatao 5,400 waliokuwa bado katika muda wa kujaribiwa kazini. Wizara ile ilikuwa na raia zaidi ya 900,000. Mwenye kalamu na apige hesabu: asilimia 5 peke yake ni watu 45,000, na nyuma ya kila mmoja mna nyumba inayomtegemea.

Ilielezwa kwamba fedha zisipotezwe, ziende kwenye nguvu ya vita. Maneno haya yasikika vizuri. Lakini raia hawa ni nani? Ni mafundi watengenezao nyambizi katika karakana za Norfolk na Pearl Harbor, wauguzi wa hospitali za jeshi, walimu wa watoto wa askari, makarani wa mishahara. Wengi ni askari wa zamani. Na wakataji wenyewe walilitambua jambo hilo upesi, kwani mwezi wa Machi, baada ya kusimamisha uajiri, iliwabidi watoe ruhusa maalumu kwa karakana za meli na hospitali. Sheria ya nchi yao yataka uchunguzi ufanywe kabla ya kupunguza watumishi raia. Kuchunguza kwanza kungewaokoa na aibu hiyo ya kurudi nyuma.

Hatusemi kwamba wizara kubwa kiasi kile haina mtu wa ziada. Tunalouliza ni hili: mtu akiondoka, kazi yake yaenda wapi? Mwaka 1989 wizara hiyo ilikuwa na raia zaidi ya milioni moja. Kufika mwaka 2000 walibaki karibu laki saba. Kazi haikupungua kwa kadiri hiyo. Nyingine walibebeshwa askari, wakaacha bunduki wakashika faili. Nyingine zilipewa makampuni ya wakandarasi, hata katika vita vya Iraq na Afghanistan watu wa makampuni wakakaribia kulingana na askari kwa idadi, na mara nyingine wakawazidi. Mshahara wa karani huonekana katika vitabu vya serikali, na kila mtu aweza kuulalamikia. Faida ya kampuni hujificha ndani ya bei ya mkataba. Kwa hiyo twaona si haki kuita upunguzaji wa watu akiba, kabla ya kuonyeshwa hesabu ya mikataba.

Jambo la pili latuhusu sisi wafanyakazi popote tulipo. Tarehe 27 Machi 2025 Rais Trump alitia sahihi amri ya kuwanyima watumishi wengi wa serikali, pamoja na wa wizara hii, haki ya kujadiliana na mwajiri kupitia vyama vyao. Sababu iliyotajwa ni usalama wa taifa. Ndugu wasomaji, ni usalama gani uwezao kuhatarishwa na mwalimu au mpishi anayedai saa zake za kazi? Vyama vilikwenda mahakamani kuipinga amri hiyo, na twaamini vilifanya sawasawa, maana mtu anayeachishwa kazi hahitaji chama zaidi ya siku ile ile anapoachishwa.